Kiingereza cha Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo amepatia! Miezi minne ya kubahatisha kwa maelezo yangu, na leo Shangazi amepika maharage ya mama. Si yanayofanana – yenyewe. Kitunguu kimekaangwa hadi karibu kuungua, maharage nusu yamepondwa, nusu yameachwa, mchuzi mzito unaogoma kushuka kwenye mwiko. Nilikula nimesimama pale pale jikoni. Kijiko cha pili, nikalazimika kufuta macho. Nikasingizia pilipili. Hayakuwa na pilipili.

Shangazi si shangazi yangu. Ni mpishi wa kantini hapa chuoni ninakofanya kazi, ugenini. Wanafunzi wote wanamwita shangazi kwa lugha yao, nami nikafuata mkumbo. Namfundisha Kiingereza kila siku saa nane, akishaosha masufuria. Ada yangu ni sahani.

Mama ametutoka mwaka wa pili sasa. Hata nikirudi nyumbani kesho, hakuna wa kunipikia hivi. Dada yangu hupika maharage kama mtu anayekimbizwa.

Jumanne, 11 Machi

Kiingereza cha Shangazi kimenyooka. Menya, loweka, chemsha, koroga, punguza moto – hakuna asilolijua. Anaweza kumweleza mtu yeyote maharage ya mama tangu kuchambua hadi kupakua, bila kukwama hata mara moja. Nilikuwa najipongeza kimoyomoyo.

Kisha akafuta mikono, akatoa barua kwenye mfuko wa aproni. Ubalozi. Intavyuu ya viza tarehe kumi Aprili, kwa Kiingereza. Binti yake wa pekee ameolewa huko ng'ambo, anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi huo, mtoto wa kwanza. Anamtaka mama yake.

Si habari mpya. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, Novemba, alipokuja kuniomba nimfundishe. Nikaisikia, nikaiweka kando. Leo nimempongeza. Sahani sikuimaliza.

Jumatano, 12 Machi

Supu ya viazi. Mkate mgumu. Wenzangu wananung'unika, mimi nachovya tu. Nimeshaizoea mikate yao. Wiki nne zimebaki.

Alhamisi, 20 Machi

Intavyuu ya majaribio. Nilivaa tai, nikawa afisa. Unaishi wapi? Kimya. Binti yako anafanya kazi gani? Kimya. Utasafiri lini? Alinitazama kama mtu aliyebadilika sura mbele yake. Nikauliza: utafanya nini huko? Hapo akapata uhai! Akaosha mchele, akabandika maji, akakata karoti, hakuna wa kumsimamisha. Tulicheka wote wawili.

Mimi nikawahi kuacha kucheka. Kila mara alipouliza namna ya kusema jambo la kwao, la nyumba yake, la mwanawe, nilimrudisha kwenye sufuria. Nilitaka apate maneno ya kuyaelewa maharage yangu. Miezi minne!

Ijumaa, 21 Machi

Nimemshauri aahirishe hadi Agosti. Niliongea kitaalamu sana – kiwango, msamiati, kujiamini. Alikuwa akipangusa meza iliyokwisha kuwa safi.

Akasema mtoto hatamsubiri hadi Agosti. Kisha akasema, kama mwalimu ameona hivyo, basi ataandika barua ya kuomba tarehe nyingine.

Nilitoka pale nikiwa na furaha. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifurahi. Miezi mitano zaidi ya maharage.

Jumapili, 23 Machi

Nimempigia dada. Nikamsimulia yote, nikitegemea anionee huruma kidogo. Yeye akasema:

"Kwa hiyo umemnyima mwenzio mwanawe kwa ajili ya sufuria ya maharage."

Nikasema siyo hivyo. Akaniuliza ni vipi basi. Akasema na yeye anamkumbuka mama, kila siku anamkumbuka, lakini hajamfungia mama wa mtu jikoni. Dada akiamua kukupasulia ukweli, hakuachii pa kushika. Nimelala kitandani mchana kutwa nikitazama dari.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Shangazi. Nilisema kosa si lake, ni langu. Kwamba nilimfundisha nilichokitaka mimi. Nilisema hata lile la Agosti. Aliendelea kusugua sufuria hadi nikamaliza.

"Mwalimu, kupika najua tangu nina miaka saba," alisema. "Sikuja kwako kujifunza kupika."

Basi. Akageuka.

Mchana nikapanga foleni kama wote. Upawa mmoja wa supu. Hakuniangalia.

Jumanne, 25 Machi

Upawa mmoja.

Alhamisi, 27 Machi

Nimejikaza kisabuni. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa jikoni, kabla hajawasha majiko, na maswali arobaini niliyoyaandika. Alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya. Nikauliza la kwanza, nikajijibu mwenyewe. La pili, nikajijibu. Nilijiona mjinga mzima mzima. Swali la tano, bila kuinua macho, akajibu yeye. Jina la mtaa wake, namba ya nyumba, ghorofa ya tatu. Miezi yote hii sikujua anakaa ghorofa ya tatu na yale magoti yake mabovu.

Nikauliza kuhusu barua ya kuahirisha. Hajaipeleka. Iko nyuma ya kopo la chumvi.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi somo la saa nzima, mchana saa nzima tena. Binti ni muuguzi. Mume wa binti ni fundi umeme. Akitaka kukimbilia jikoni, namkatiza. Amenikasirikia mara mbili leo, kwa Kiingereza! Nikamsahihisha, akacheka bila kutaka.

Jioni nimejaribu maharage mwenyewe, kwenye jiko langu la umeme la sahani moja. Nje yameungua, ndani mawe. Nikala mayai. Nilitamani kumwita mama – neno likafika mdomoni kabisa.

Jumatano, 9 Aprili

Maswali thelathini na tisa kati ya arobaini. Ameniomba nimsindikize kesho. Chakula cha mchana alinijazia sahani. Viazi tu, lakini nilishindwa kula haraka.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la ubalozi. Mlinzi ananitazama, labda anadhani naandika ripoti.

Ameingia saa nne kasorobo. Wengine wanamaliza kwa dakika kumi. Yeye yuko humo nusu saa sasa. Kupitia mlangoni namsikia sauti, maneno siyapati, ila hanyamazi! Anajibu. Nimejawa na fahari hadi machozi yakanilenga, na nikagundua nimeshika tai yangu kwa nguvu.

Karani ametoka. Ameuliza nani kaja na yule mama. Nikasimama, nikasema mimi ni mwalimu wake, tunafanya kazi mahali pamoja. Akanipa fomu. Akasema mama amejibu vizuri sana, imebaki jambo moja: binti yuko huko, mjukuu atakuwa huko, mume hana. Afisa anataka mtu anayeishi hapa, anayemfahamu, aeleze kitakachomrudisha nchini. Atakuja kuichukua baada ya dakika tano.

Maswali arobaini niliandika, na hili sikuliweka. Sikulisahau. Niliogopa jibu lake.

Jina langu nimejaza. Kazi nimejaza. Muda niliomfahamu nimejaza. Chini kuna mistari mitatu mitupu: Kwa nini unaamini mwombaji atarudi?

Kalamu ninayo. Dakika tatu zimekwisha. Ninazo sababu za kumtaka arudi, tangu juu hadi chini ya ukurasa, na hata moja si yake.