Fimbo Niliyompelekea Baba Mdogo

Ulemo, Jumamosi, mwezi wa Agosti

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Baba alikohoa, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kunakonitisha.

Nakiri: nahesabu pumzi zake. Nimerudi likizo wiki ya pili sasa, na hata nikiwa kisimani nasikia kifua chake kikilia. Ugonjwa huo aliutoa kwenye machimbo ya dhahabu, alikovunja mawe miaka mingi.

Lakini si kifua peke yake. Tangu kiangazi kianze hatoki nje, chakula anakigusa tu. Pumzi ikimbana, macho yake hutafuta mlango.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati ya misheni, humtembelea kila Jumamosi. Huleta dawa kidogo na mazungumzo mengi. Mama alimtania kwamba kama maneno yanaponya, basi shangazi yangu ni hospitali nzima. Hata baba alitabasamu.

Leo dresa alimuuliza anaogopa nini hasa. Baba alitazama mlango kwanza.

"Mimi nimeshazikwa," akasema. "Mdogo wangu anachungia fimbo yangu. Fimbo ya mtu hutolewa kwa mrithi matanga yakiisha."

Mimi ndiye niliyeipeleka.

Mama alinituma likizo iliyopita, kiangazi kinaanza, tukidhani tunampumzisha baba. Kumbe kila asubuhi baba mdogo akipita na ng'ombe wetu, baba alikuwa akijiona marehemu.

Nilipiga magoti nikamweleza.

"Ulitumwa, mwanangu," akasema.

Dresa alituonya tusimnyang'anye kazi anazoziweza, ila tumrudishie kidogo kidogo. Kisha akamfundisha kutoa pumzi polepole, midomo ameibana, kama anayewapigia ng'ombe mluzi ili wanywe maji. Baba alijibu kwamba hiyo aliijua kabla dresa hajazaliwa.

Jioni, ng'ombe waliporudi, tulikwenda zizini, mimi nyuma ya baba. Katikati ya njia hofu ilimkamata, akashika ua kwa mikono miwili. Nilitaka kumkimbilia, lakini dresa alikuwa amenikataza. Baba akabana midomo. Mluzi haukutoka, ilitoka hewa tu, ndefu. Tukafika. Akaweka kiganja mgongoni mwa ng'ombe mwekundu, akabaki hapo.

Mapafu hayatapona. Dresa hakutuficha.

Kesho baba anataka kufika kisimani. Nimeahidi kumfuata kwa mbali zaidi kidogo kuliko leo.

Nani atanifundisha mimi kusimama mbali hivyo?