Aliyeshika Mlango

Guangzhou, Jumatatu

Mpendwa Baba Rajabu,

Mgongo wako unaendeleaje? Usikae siku nzima umeinama juu ya saa za watu. Inuka, tembea mpaka bombani, urudi. Na kifua cha mama kimepata nafuu? Ile dawa niliyotuma ni ya kuchua, si ya kunywa. Maandishi yake ni ya Kichina na mama namjua, atajaribu kunywa. Iweke wewe.

Huku mimi na wifi Zuhura tu wazima. Mvua zimeanza, na ni ule msimu wao ambao kuta zinatoka jasho kama mtungi. Nguo nilizofua Alhamisi bado hazijakauka. Wifi amerudi mara mbili kutoka bandarini Huangpu na viatu mkononi.

Barua yako niliipata kwa yule mfanyabiashara wa vitenge, nikaisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba umesikia yule kijana wa nne, aliyeshika mlango, amepata ufadhili na yuko huku Guangzhou anasoma. Umeniomba nimtafute, nikuandikie jina la chuo, ili uwaandikie wakuu wake na waliompa ufadhili wajue wanamsomesha nani. Nitakujibu. Ila nivumilie nianze mbali kidogo, maana nikianza na jibu hutasoma yaliyobaki.

Unajua kazi yangu huku. Wifi huamka mapema kwenda Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, mimi nabaki napika. Sebule yetu ina meza mbili na watu wanakula kwa zamu. Wafanyabiashara wa Kongo wanapenda pilipili mpaka machozi. Jumapili mchana wanakuja wanafunzi, na hao ndio hupiga hodi. Wachina hawapigi hodi, wanagonga tu. Nikisikia hodi mlangoni, hata sasa, mkono wangu husimama kidogo. Unakumbuka Rajabu aliporudi likizo ya kwanza kutoka bweni? Alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe, sanduku kichwani, akapaza sauti, "Hodi wenyewe!" Nami nikajibu kutoka jikoni, "Leo hatununui!" Akasema, "Basi nipeni maji tu, ninatoka mbali."

Nilipofika huku, wifi aliniuliza anitambulishe vipi kwa watu. Alisema, "Wifi, huku hakuna anayekujua. Ukitaka uwe Bi Mwanaidi, upumzike na maswali." Nikamwambia Mwanaidi yuko kwenye pasipoti, anatosha huko. Kwa hiyo wote wananiita Mama Rajabu. Mama mwenye nyumba, ambaye wote tunamwita Ayi, yaani shangazi, anasema "Mama Lajabu", na mlinzi wa chini naye hivyo hivyo. Jina la mtoto wetu linapanda na kushuka ngazi za watu kutwa nzima. Mimi nimelizoea, na sipendi likae kimya.

Katika wanafunzi yupo mmoja wanayemwita Dokta kwa sababu anasomea udaktari. Jina lake halisi sikuwahi kuuliza. Ni mwembamba, anavaa miwani, na akimaliza kula anaosha sahani yake mwenyewe. Amekula kwangu karibu mwaka. Jambo moja tu nililiona kwake: alikuwa haniiti kwa jina. Wenzake wanapiga kelele, "Mama Rajabu, ongeza mchuzi!" Yeye anasema, "Shikamoo, mama." Akitaka chumvi, "Samahani, mama." Nilidhani ni adabu ya kwao.

Sasa nikueleze habari ya tamthilia. Ayi alituazima diski za mchezo mmoja wa Kijapani, mrefu, ambao umepachikwa sauti za Kichina. Neema, yule binti anayesomea ualimu, akasema, "Mama Rajabu, uache sufuria siku moja ukae kama binadamu." Ikawa kila Jumapili baada ya chakula tunaangalia, na Dokta anatafsiri, kwa kuwa Kichina chake ndicho kizuri kupita vyote. Neema anasema Kichina chake mwenyewe ni cha kupunguza bei tu.

Mchezo wenyewe ni wa baba mmoja mwenye mgahawa wa tambi. Mwanawe alipigwa na wanafunzi wenzake kando ya mto, akafa. Watoto wale walikuwa wadogo kisheria, wakaachiwa. Yule baba hakulia mbele ya watu. Alibadili jina, akahama mji, akangoja. Walipokua, akafungua mgahawa karibu na wanapofanya kazi, akawa anawalisha. Anawajua, wao hawamjui. Anawauliza habari za wachumba wao, anawaongezea supu. Nilipenda jinsi anavyofuta meza, polepole, mpaka kwenye kona.

Siku moja mkewe akamuuliza anangoja nini. Dokta akatafsiri: "Anasema, mtoto huwezi kumlipizia kisasi, hana cha kupoteza. Mngoje akue, apate anachokipenda."

Baba Rajabu, wewe uliniandikia maneno hayo hayo. "Sasa ana kitu cha kupoteza." Barua yako ilikuwa imekuja siku mbili kabla. Ilikuwa chini ya kitambaa cha meza, pale pale Dokta alipoweka kiwiko chake.

Siku hiyo sikufikiri lolote juu yake. Nilifikiri juu yako, ulivyo peke yako na lile faili la kesi kwenye kabati la saa.

Jumapili iliyofuata tukaendelea. Mmoja wa wale vijana, sasa mtu mzima mwenye tai, alikuwa amekaa mgahawani peke yake na bakuli mbele yake. Akaanza kusema, huku analia. Dokta hakutafsiri. Nikamuuliza, "Anasema nini?"

"Anasema..." akaanza. "Anasema, mimi sikumpiga."

"Enhe?"

"Anasema, nilishika mlango tu."

Neema akacheka. "Dokta, unatunga! Mlango uko wapi hapo? Walimpigia mtoni hao! Kasema ana njaa, hajala tangu asubuhi."

"Kichina cha kidaktari hicho," wifi akasema. "Mgonjwa akisema njaa, wao wanaandika mlango."

Dokta akavua miwani. "Nimesikia vibaya," akasema.

Niliinuka nikazima jiko, ingawa wali wa jioni ulikuwa haujakauka. Nikamwambia wifi aende na Neema ghorofa ya saba wakaniazimie unga kwa yule mama Mkongo. Wifi aliangalia gunia la unga lililojaa pembeni, akaniangalia mimi, akamshika Neema mkono wakatoka. Dokta naye akasimama aende.

Nikasema lile jina la nne kwenye faili lako, "Erasto."

Akakaa.

Picha ya kwenye televisheni ilikuwa imesimama, yule mtu wa tai amefunua mdomo. Nilikaa upande wa pili wa meza. Sikuwa na hasira wakati ule. Nilikuwa kama mtu aliyefika kwenye ofisi baada ya foleni ndefu, akasahau alichofuata.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza, mama. Wale Wakongo waliposema Mama Rajabu lete pilipili. Nikajiambia kina Rajabu ni wengi. Halafu nikaona picha juu ya friji."

"Na ukaendelea kuja."

"Nikaendelea kuja."

"Chakula changu ni kitamu kiasi hicho?"

"Ndiyo, mama," akasema upesi. Kisha akaelewa nilichomuuliza, akainamisha kichwa.

Baba Rajabu, wewe ulikaa mahakamani siku zote, mimi sikuweza. Nilibaki nyumbani nikachambua mchele ambao hatukuupika. Ndiyo maana sura zao sizijui. Uliporudi siku ya mwisho uliniambia mambo mawili: kwamba wale watatu wanapelekwa shule ya maadilisho na wa nne ameachiwa, na kwamba wamesema mtoto hakupiga kelele. Hukuongeza, nami sikuuliza. Miaka sita nimekaa na hilo la pili. Mtoto aliyekuwa akiungua kidogo tu na chai anaamsha nyumba nzima, apigwe ndani ya stoo ya bweni kwa sababu ya ndoo ya maji aliyokataa kuwachotea, asipige kelele? Nilidhani wamesema uongo. Au nilidhani aliita, na mimi nilikuwa mbali.

Basi nikamuuliza. "Alipiga kelele?"

"Hapana, mama."

"Aliniita mimi?"

"Hapana."

"Alimwita nani?"

Nilianza kuhesabu pete za vitunguu zilizokuwa juu ya tambi, kwenye bakuli la yule mtu wa televisheni.

"Aliniita mimi," akasema. "Nilikohoa nje, akaitambua sauti yangu. Tulikuwa tunakaa dawati moja. Akasema, Erasto, fungua. Hakupaza sauti, mama. Alisema kama mtu anayejua kwamba utafungua. Akarudia, Erasto, fungua. Mara ya tatu akasema jina tu."

"Na wewe?"

"Nilishika kitasa kwa mikono miwili. Niliogopa wangenigeukia."

"Mahakamani ulisema hayo?"

"Waliniuliza niliona nini. Hawakuniuliza nilisikia nini."

Sikulia, wala yeye hakulia mbele yangu. Nilimwambia aoshe sahani yake, akaosha. Alipofika mlangoni nikamwambia, "Jumapili ijayo uje. Lakini kwangu mtu hupiga hodi kwa jina langu. Kama huliwezi, usije."

Wiki nzima nilikuwa na barua yako mfukoni mwa aproni. Jina la chuo ninalijua, limeandikwa kwenye mkoba wake, na Neema yuko chuo hicho hicho. Siku ya Jumanne nilichukua kalamu. Nikaandika "Mpendwa Baba Rajabu", nikaandika "nimempata", nikaishia hapo kwa sababu chapati zilikuwa zinaungua. Siku ya Jumatano sikuwa na sababu yoyote, na sikuandika.

Jana ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa kubwa na wanafunzi wengi hawakuja. Wifi alikuwa amelala. Nilikuwa nakanda unga nikasikia hodi. Hodi tu, bila jina.

Nikaenda mpaka mlangoni na unga mikononi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mwavuli wake. Nikashika kitasa, upande wangu, kwa mikono miwili. Sikukusudia kumtesa. Nilitaka kujua mikono inahisi nini.

"Hodi," akasema. "Mama Rajabu."

Sikufungua.

"Hodi, Mama Rajabu."

Bado nilishika. Nikasikia anavuta pumzi, akaanza tena, sauti ikamkatikia, likatoka jina tu. Rajabu.

Kitasa ni kitu chepesi, Baba Rajabu. Kinazunguka kwa vidole viwili. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka jana.

Nilifungua. Sikumwambia karibu. Wala sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijui kama nimemsamehe, na sitaki kusema uongo mbele ya jina la mtoto. Aliingia, akakaa mahali pake pa siku zote, nikampakulia wali na maharage. Nilipoweka sahani nilikuta nimemwekea ukoko wa chini ya sufuria, ule ambao Rajabu alikuwa akiugombania na wewe. Sikukusudia. Nikauacha.

Sasa jibu lako. Jina la chuo sitaliandika. Ukikasirika nitaelewa, na nitakaporudi utaniambia yote uliyonayo moyoni, nitakaa nisikilize. Hayo mengine yote ya kwako ninakubali, hata hasira yako nimeibeba miaka sita kama yangu. Hili tu sikuliweza.

Ila nilimwambia kwamba yupo baba mtu, fundi saa, ambaye alikaa mahakamani siku zote na hakuambiwa lile alilokwenda kulisikia. Leo asubuhi ameniletea bahasha. Nimeitia ndani ya hii yangu. Imefungwa kwa gundi na sikuifungua. Anasema ameandika yote aliyoyasikia, na chini ameweka jina lake kamili, jina la chuo na anwani. Nilimuuliza kama anajua unachoweza kufanya kwa anwani hiyo. Akasema, "Najua, Mama Rajabu."

Ule mchezo wa Kijapani hatujui ulivyoisha. Diski ya mwisho haimo kwenye boksi. Ayi alikwenda kwa muuzaji akaambiwa meiyou, hakuna, ndilo neno lao huku mchana na jioni. Neema anasema lazima yule baba aliwatilia sumu. Wifi anasema hapana, alichoka kupika tu, akafunga mgahawa akarudi kwao.

Nisalimie mama, na umkumbushe dawa ni ya kuchua. Nisalimie shemeji fundi baiskeli na mkewe, na mwambie yule jirani wa vitumbua kwamba mwiko wake ninao, sikuuiba, nilijisahau. Msalimie mwalimu wa chuoni aliyemfundisha Rajabu juzuu ya kwanza. Ukipita makaburini, ng'oa majani ya upande wa miguuni, huko ndiko yanakoota upesi.

Hiyo bahasha ya pili usiisome kazini kwako. Isome nyumbani, umekaa. Au usiisome, uishike tu mpaka utakapoweza. Sasa iko upande wako.

Mkeo,
Mama Rajabu