Joto Lililoingia Kwenye Maji

Jumanne, 4 Juni

Jiko linatangaza kwa masikitiko kifo cha birika, lililofariki ghafla likiwa kazini. Halikuacha mrithi. Maji yalikauka, kitako kikatoboka – na Baba kakaa pembeni, anasoma gazeti la mwaka juzi. Akauliza nani anaunguza nini. Mtu aliyefundisha kemia maisha yake yote, wanafunzi wakimwita Desimali!

Kiberiti nimekitia mfukoni mwa aproni yangu. Kaka asijue. Akijua tu, atamchukua Baba akaishi kwake, huko mbali, nami nibaki na kuta.

Alhamisi, 6 Juni

Kaka kapiga simu. Jirani kamnong'oneza kuwa mzee anapotea njia ya dukani. Majirani na midomo yao! Anakuja Jumapili. Nikamwambia kichwa cha mzee bado kinachemka, njoo umwone akipiga hesabu zake za joto.

Tumefanya mazoezi. Joto lililoingia kwenye maji ni gramu 200, mara 4.2 ya maji, mara digrii zilizopanda. Nikasoma kipimajoto, nikaandika 24.53. Baba akanikazia macho: kipimajoto kina mistari ya digrii moja moja, hiyo tatu ya mwisho umeipima kwa pua? "Usiandike usichokiona, binti yangu." Nikacheka. Kisha akauliza mama yako kaenda wapi. Mama tulishamzika. Nikasema sokoni. Akasogeza kiti dirishani, akamsubiri.

Jumapili, 9 Juni

Kaka kaja na begi tupu. Baba kavaa tai! Akapima maji, akateleka sufuria kwenye jiko la mafuta, akainama mpaka jicho likalingana na mstari. 24. Tukasubiri. 24. Sote macho kwenye kipimajoto, hakuna aliyetazama chini. 24. Akaandika kwa mwandiko wake ule ule mzuri: 200, mara 4.2, mara sifuri. Joto lililoingia: sifuri. Akalipigia jibu mistari miwili. Hesabu haina kosa.

Kaka akashika jiko. "Mdogo wangu, mbona baridi?"

Sasa yuko chumbani, anakunja mashati ya Baba. Ningeweza kumweleza kwa nini jiko halikuwaka – ila itabidi nianze na birika. Baba ananivuta mkono, anataka nimsahihishie. Nimempa alama zote. Anatabasamu.

Kiberiti kiko mfukoni mwangu.