Siku Tulipofukuza Chenga

Mlango wa bluu, juu ya bucha,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, ngumi baadaye. U hali gani huko? Jicho limefunguka? Mbavu zinakuruhusu kucheka? Sisi ni wazima, ukiacha mdomo wa shemeji yako, ambao umevimba mpaka chai anainywa kwa mrija. Mimi dada yako nipo buchani kama kawaida, nakata mifupa, na wiki hii naikata kwa hasira. Naandika kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu.

Ulipotuarifu kwamba pambano lako litaonyeshwa bure Jumamosi mchana, kwenye chaneli ya HD, mama alioga, akavaa vizuri, akakaa mbele ya runinga tangu saa nne asubuhi. Miaka sita hajakutia machoni. Mapambano yako ya nyuma aliyaona kwenye ile runinga ya kichogo, chenga tupu, vivuli viwili vinakumbatiana. Mimi nilikuwa nikimwambia glovu zimejaa pamba, hazimuumizi mtu. Nilimdanganya ili apate usingizi.

Sasa, runinga uliyotutumia ni bapa na nzuri, lakini king'amuzi chetu cha zamani hakikuweza kupokea HD. Shemeji yako akanunua kipya, cha T2, kinachopokea HD, akajiona amemaliza kazi. Akakiunganisha na antena ya ndani, ile ya masikio mawili, na zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Chaneli yako haikuonekana kabisa. Nikamwita fundi redio wa chini.

Fundi akasema antena iende juu ya paa, ielekezwe kwenye mnara, na kwamba HD haipiti kwenye nyaya tatu, inataka waya wa HDMI. Akapanda kuifunga. Shemeji yako alishika ngazi huku akibisha kwamba picha ni picha. Fundi aliposhuka akazing'oa zile nyaya na kuzitupa dirishani, shemeji akamtandika ngumi ya pua. Fundi akaokota kipande cha bomba la antena, akamrudishia nacho mdomoni. Meza ikavunjika mguu, glasi zikaisha, damu ikaruka kwenye ukuta niliopaka rangi Desemba. Nilipanda na aproni yangu ya bucha, nikawakamata kola wote wawili nikawagonganisha vichwa. Nikamwambia fundi achomeke waya wake kabla sijashuka kuchukua shoka.

Akachomeka huku pua inachuruzika. King'amuzi kikatafuta chaneli kwa dakika nzima, na humo ukatokea wewe, raundi ya sita.

Mdogo wangu, sijawahi kuona picha safi namna ile. Hata jasho lilihesabika. Yule jamaa alikupasua juu ya jicho, na niliona ngozi inavyoachana. Najua inavyoachana, ndiyo kazi yangu. Akakuchapa ngumi ya ini, ukapiga goti, mate na damu vikaruka pamoja. Nilijilaani. Miaka yote hiyo chenga ndizo zilizomkinga mama, na ni mimi niliyezifukuza.

Nikanyoosha mkono kuzima. Mama akaudaka kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Kucha zake zimeacha alama nne, ninazitazama hapa ninapoandika.

"Usizime," alisema. "Kama anapigwa, apigwe mbele yangu."

Akatazama mpaka ukashindwa, mpaka wakakufuta uso. Hakulia. Alinigeukia akaniuliza ile pamba iko wapi. Kisha akanizaba kofi, la kwanza tangu nilipoolewa. Nilistahili.

Sasa hataki mtu aiguse antena. Fundi na shemeji wamepatana, wameikaza kwa skrubu nne. Kiti chake amekisogeza hatua moja kutoka kwenye kioo cha runinga, na hapo ndipo anakula.

Shemeji yako anakusalimu kwa nusu ya mdomo. Fundi naye anakusalimu, anasema kinga yako ya kushoto iko chini mno. Mola aufunike uso wako pale mikono yako inapochelewa.

Nilimuuliza mama nikuandikie nini kutoka kwake. Nilidhani atakuomba uache. Alisema nikuandikie tu kwamba sasa anaona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mikono miwili,
Wa Bucha.