Mwanamke wa Shimoni, Tumboni mwa Ubao Wangu

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na vumbi jekundu la Kolwezi, mji wetu wa migodi, limelala kwa mara ya kwanza juma hili.

Wewe unayesoma, nakusihi: usimsomee mtu maneno haya, wala usiyatume kwenye kikundi chochote cha simu. Mimi ni karani wa ushirika wa wachimbaji wa mkono. Naandika barua, napokea wageni, nashtuka mlango ukifunguliwa kwa nguvu. Mshahara huo ndio unaonilipia masomo ya sanaa ya jioni. Nikifukuzwa kazi, masomo nayo yamekwisha.

Tena mimi ni mwanamke. Huku kwetu mwanamke hasogei karibu na shimo, kwa sababu akichungulia tu, inasemekana madini yanakimbia. Nimeandika barua nyingi kuhusu mashimo yale na sijawahi kuona hata moja. Kuna kamba imefungwa kati ya miti miwili. Mimi naishia hapo.

Basi mwalimu wetu alitupa kazi: kila mwanafunzi abuni na kupaka rangi ubao wa magurudumu, ule ambao vijana husimama juu yake na kuteleza kwenye lami. Mbao tulizitoa kwenye makasha yaliyoleta mashine za migodini, tukazigandisha kwa gundi, tukazipiga msasa. Upande wa juu nilipaka vanishi na, kabla haijakauka, nikanyunyiza mchanga mweusi wa mabaki ya tanuri la shaba ili mguu usiteleze. Picha inakaa tumboni, upande wa chini. Inaonekana pale tu mwendeshaji anaporuka.

Nilichora kitu nisichowahi kukiona: mwanamke anatoka shimoni. Kofia yenye taa, viwiko vimekaza ukingoni, gunia mgongoni. Kijani cha malakiti, lile jiwe la shaba, kilinitesa. Mara ya kwanza kilitoka kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa jana. Nilikifuta, nikachanganya upya, nikakifuta tena. Kilipokubali, nilikaa chini nikamtazama yule mwanamke kwa muda mrefu.

Alikuwa mzuri. Nalisema bila aibu.

Jana ilikuwa siku ya maonyesho kwenye karakana yetu. Tulitundika mbao ukutani, matumbo nje. Wenzangu waliandika majina yao chini ya kazi zao. Mimi sikuandika.

Mchana akaingia Tata Mwamba, yaani Baba Mwamba, mkubwa wa timu moja ya ushirika wetu, mtu ninayempokea ofisini kila juma. Binti yake Nadine nasoma naye. Alikuja na wachimbaji wake wawili, na mbele ya ubao wangu akasimama.

“Ee! Mwanamuke mu shimo? Nani alifanya hii?”

“Tata, angalia muzuri,” mchimbaji mmoja akasema. “Labda ni muke yako, anakufuata mpaka kule chini.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

“Kesho kutwa tunafungua shimo mupya. Madini ikikimbia, nataka nijue ni nani alituletea hii.”

Mwalimu alinitazama. Ningeweza kutoka nje kama mtu anayekwenda kunywa maji. Miguu ilikuwa imeshageukia mlangoni.

“Ni mimi, Tata.”

“Weye, mama sekretere? Weye mwenye unaogopaka hata panya?”

“Naogopa, ndiyo. Lakini ni mimi nilimuchora, na sitamufuta.”

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Tata Mwamba aliushusha ubao, akalizungusha gurudumu moja kwa kidole gumba, akainama karibu na picha.

“Na huyu mama, alipata kitu kule chini?”

“Angalia gunia yake, Tata.”

Akaangalia. “Iko imejaa,” akasema polepole, kama mtu anayekubali jambo asilolipenda.

Kabla hajaongeza neno, Nadine aliuchukua ubao mikononi mwake, akatoka nao hadi kwenye lami mbele ya lango. Akasukuma kwa mguu, akashika kasi, akaruka. Kwa kitambo kile kifupi tumbo la ubao lilitugeukia sote, na yule mwanamke akatoka shimoni mbele ya watu. Vijana walipiga kelele. Tata Mwamba alipiga kelele kuwashinda wote: “Nadine! Utavunja mifupa!” Lakini alikuwa anacheka, nilimwona.

Nikaenda ukutani, nikaandika jina langu lote. Herufi zimenyooka.

Tata Mwamba alipokuwa anaondoka aliniambia chini chini: “Mi sitasema kitu ku bureau ya ushirika. Lakini shimo ikikosa madini, batu batatafuta mutu wa kubebesha lawama. Weye unajua.”

Najua. Ndiyo maana nimekuomba siri. Shimo linafunguliwa kesho, na mimi nitakuwa mezani pangu, nikisikiliza kila hatua inayokaribia mlango. Hofu haijaondoka. Imesogea tu pembeni, ikaiachia fahari nafasi ya kukaa.

Ukitaka ubao kama ule, usinifuate ofisini na usipige simu ya ushirika. Njoo Jumamosi mchana kwenye karakana ya wanafunzi, ingia kwa mlango wa nyuma, fuata harufu ya vanishi. Usimuulize karani. Uliza ni nani aliyemchora mwanamke wa shimoni, tena uliza kwa sauti. Nitaitika.