Moyo Umepunguza Mbio

Bwera, 12 Agosti 1969

Kaka Xavier,

Huku tu wazima. Jumamosi binti yangu Mbambu ameolewa, nami nimecheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Uliuliza mbona Pasaka sikuja Butembo. Nilikuficha. Moyo ulikwenda mbio ovyo, hata kilima cha kanisa kikanishinda. Daktari wa Kasese alinishika mkono huku akisikiliza kifua.

"Mama, mapigo mengine hayafiki mkononi," akasema. "Meza kidonge kimoja kila asubuhi, hata ukijisikia mzima."

Moyo bado haujanyooka kabisa, lakini umepunguza mbio. Ile barua ya kuagana niliyokuandikia wakati ule bila kuituma, leo nimeiwashia moto wa chai. Krismasi nitandikieni kitanda.

Dada yako anayekuja,
Anastasie