Wimbo Usikatike Mlimani

Mjukuu wangu Kemunto,

Sisi huku Itumbe tu wazima. Chai inachipua vizuri, na babu yako bado anagombana na kuku. Naamini huko Mombasa Mungu anakutunza.

Umeniuliza kama kweli mazoezi huongeza maisha, maana ulijaribu kukimbia ukashindwa.

Nilipoolewa hapa, mimi na mama mkwe tulikuwa tukipanda kilima na vikapu vya majani chai mgongoni hadi kituo cha kuuzia. Siku ya kwanza nilitaka kuonekana mke mwenye nguvu, nikatangulia mbio, nikaishia kukaa chini nikihema. Mama mkwe alinifikia polepole, akiimba wimbo wa kanisa.

"Imba nami," akasema. "Wimbo ukikatika, tunatua vikapu."

Tulitua mara nyingi. Lakini kabla msimu haujaisha, wimbo ulifika juu mzima.

Siku hizi pikipiki ndiyo hubeba chai, nami nikazoea kukaa. Mwaka huu nikaanza kuishiwa pumzi hata nikiimba kanisani, nikaogopa ni moyo. Daktari wa Kisii akanipima, akasema moyo hauna ugonjwa, umekosa kazi tu. Akasema pia kwamba wanaojenga pumzi kwa mazoezi, hata uzeeni, mara nyingi huishi zaidi. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Nimerudi kilimani, polepole, nikiimba. Siku zetu anazijua Mungu. Ila Sabato iliyopita nilifika kanisani, kule juu kilimani, wimbo haujakatika, na aliyeomba tupumzike njiani ni babu yako.

Nyanya yako